Liva ya gia ya Land Rover ya zamani inacheza: ununue mpya, uijazie au uchonge bushi?

Liva ya gia ikianza kuyumba kama mnazi wa Mikindani wakati wa kusi, mwenye Land Rover hupewa ushauri wa namna tatu kabla hata hajazima injini: agiza mpya Dar, peleka ikajaziwe kwa moto, au kamwone mtu wa leti (mashine ya kukereza chuma) akuchongee bushi (kipete kinachoshika sehemu inayocheza). Ushauri wote huo ni sahihi mahali fulani, na mahali pengine ni hasara tupu. Kwenye Series II, IIA na III, magari yaliyotoka kiwandani kati ya 1958 na 1985, liva hailiki sehemu moja. Inalika juu kwenye tufe (kile kiduara ambacho liva inageukia), inalika chini kwenye ncha, na ile ncha nayo inakula midomo ya selekta, yaani vipande inavyovisukuma ili kuchagua gia. Dawa ya tufe si dawa ya ncha.

Kabla ya kulinganisha chochote, shika jambo moja. Kwa kuwa chuma kikisuguana na chuma lazima kimoja kiliwe, basi kiliwe kile kinachotoka kwa kufungua boliti chache. Liva inatoka ukiwa umeinua sakafu tu. Selekta na foki zake zinataka mfuniko wa juu wa gia boksi ufunguliwe, hiyo ni kazi ya siku nzima ukienda taratibu. Beringi na shafti kuu ni kushusha gia boksi. Kwa hiyo tengenezo lolote linaloifanya liva kuwa ngumu kuliko selekta ni la gharama kubwa, hata kama fundi amekufanyia bure.

Kwanza jua kinachocheza ni kipi

Weka gari kwenye tambarare na utie kabari kwenye matairi. Breki ya mkono ya Land Rover hizi inashika nyuma ya gia boksi, haishiki magurudumu, kwa hiyo usiitegemee peke yake ukiwa unachezea gia. Fungua kifundo cha liva ya njano na cha nyekundu (zile liva mbili ndogo za magurudumu manne na transfa), lakini kwanza pima kwa rula urefu wa springi iliyo kwenye liva ya njano, uuandike. Ukiirudisha kwa kukisia, liva ya njano itakuwa ngumu au legevu na utadhani umeharibu kitu kingine. Kisha ondoa mabamba ya sakafu na kifuniko cha katikati. Skrubu za sakafu kwenye magari yaliyokaa pwani mara nyingi zimeota kutu. Zimwagie dizeli au mafuta ya kulainisha jioni, uzifungue asubuhi, ukizilazimisha utazikata.

Nyumba ya liva ikiwa wazi mbele yako, fanya majaribio manne, ukianzia kwenye fri (hakuna gia iliyoingia).

Vuta liva juu na uisukume chini. Ikigonga, springi imechoka au kiti cha tufe kimelika. Zungusha liva kama unayefungua bomba. Ikizunguka zaidi ya kidogo sana, pini inayoingia kwenye mfereji wa tufe imelika, au mfereji wenyewe umepanuka. Halafu mwambie msaidizi ashike liva kwa nguvu karibu na tufe, wewe usukume kichwa chake huku na huku. Mchezo ukipungua sana, tatizo liko juu. Ukibaki vilevile, tatizo liko chini. Mwisho, ingiza gia ya tatu, toa nyumba ya liva, na uangalie selekta kwa tochi huku ukisukuma shafti yake kwa bisibisi pana. Shafti inapaswa kukaa kwenye kituo chake na kukataa kutoka mpaka uisukume kwa nguvu. Ikiteleza kirahisi, gololi (vijitufe vya chuma vinavyoishikilia shafti) na springi zake ndizo zilizochoka, na hapo huna kesi na liva hata kidogo.

Hesabu ndogo ya kukusaidia usitishike: chukulia liva ina sm 50 juu ya tufe na sm 10 chini yake. Milimita 1 ya ulaji kwenye ncha inakuwa milimita 5 mkononi. Ncha ikilika mm 1 na mdomo wa selekta ukalika mm 1, tayari kifundo kinacheza sentimita 1. Watu wengi huona sentimita hiyo wakadhani gia boksi imekufa.

Na kama gari linatema gia, usikimbilie liva. Gari hutema gia kwa sababu ya springi za gololi, meno ya sinkro (kifaa kinacholinganisha kasi kabla gia haijaingia) yaliyopukutika, beringi iliyolegea, au mchezo wa mbele na nyuma wa gia kwenye shafti kuu. Lakini kabla ya hayo yote angalia jambo dogo linalosahaulika: mpira wa kufunika liva ukikauka na kuwa mgumu kama soli ya kiatu, unairudisha liva nyuma kila gari likiruka shimo. Vivyo hivyo mpira wa kushikilia injini ukibonyea, gia boksi inainama na liva inagusa ukingo wa bati la sakafu. Tia gia, paka chaki ukingo wa tundu, endesha kilomita moja kwenye barabara mbovu. Chaki ikihamia kwenye liva, umepata jibu bila kununua kitu.

Tufe na kiti chake: hapa spea mpya inashinda

Tufe linakaa ndani ya nyumba ya liva, juu yake kuna kiti cha mviringo, springi, bamba la kubana na pete ya kufungia. Nyingi zina oringi ya mpira ndani ya kiti, kazi yake ni kuzuia mtetemo. Ile sauti ya kukerekeza unayoisikia ukiwa kwenye gia ya nne, inayonyamaza ukiweka kiganja juu ya kifundo, ni oringi hiyo imekwisha.

Machaguo hapa ni matatu. Kununua springi, oringi, pini na kiti vipya. Kuongeza washa juu ya springi ili iminye zaidi. Au kukereza kiti kipya cha nailoni au cha brasi.

Washa ndiyo njia ya haraka, na fundi wengi wa barabarani huanza nayo. Inafanya kazi kama kilichochoka ni springi tu. Kama kiti kimelika, washa inaficha ugonjwa: springi inaminya tufe kwa nguvu zaidi dhidi ya kiti kilichokwisha kuwa na kingo, na ulaji unaongezeka kasi. Dalili ya washa kuzidi ni liva kuwa nzito kupita upande mmoja kwenda mwingine, au kukaa mahali ulipoiacha badala ya kurudi katikati. Washa moja ya mm 1 inavumilika. Ukiona unahitaji mbili, acha.

Kiti cha kukereza ni kazi nzuri kama mtu wa leti ana kifaa cha kuchonga uviringo wa ndani. Asipokuwa nacho atakuchongea mtelemko ulionyooka, na tufe litagusa mstari mmoja mwembamba badala ya eneo zima. Mstari huo utakwisha upesi. Kuhusu malighafi: nailoni ni kimya na haimli mwenzake, ila inakunywa unyevu na kuvimba kidogo, na hewa ya Mtwara au Lindi haina upungufu wa unyevu. Ikichongwa kwa kubana leo, liva itakwama baada ya masika. Acha nafasi ya mm 0.15 hivi. Plastiki ya asetali inavimba kidogo mno, ni bora kama ukiipata. Brasi haivimbi, lakini inarudisha mtetemo wote mkononi.

Kwa maoni yetu, hapa nunua vipya. Springi, oringi na pini ni vitu vidogo, vinaingia kwenye bahasha, na kifurushi kikipandishwa basi Dar jioni kinakuwa Mtwara kesho yake, mwendo wa kilomita 560 hivi. Zamani hesabu ilikuwa nyingine. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003, Rufiji ilivukwa kwa kivuko, masika barabara ilikatika, na ndiyo maana mafundi wa Kusini walizoea kuchonga hata kile ambacho dukani kingekuwepo. Mazoea hayo yamebaki, sababu yake imeondoka.

Springi mpya usiifunge kabla ya kuilinganisha. Zisimamishe mbili mezani, ya zamani na mpya. Mpya ikiwa fupi kuliko ile uliyoitoa, rudisha dukani, kwa sababu spea za kuiga zipo tele na springi ndiyo wanayoikosea mara nyingi.

Ncha ya chini: moto wa gesi, moto wa umeme, au liva nyingine

Hii ndiyo sehemu yenye ubishi, na ndiyo inayostahili muda wako.

Ncha ya liva imeviringwa kama kichwa cha kidole gumba. Ikilika, inapata bapa mbili, moja kila upande, kule inakosukuma midomo ya selekta. Ipake grisi kidogo, ipitishe taratibu kwenye vidole: bapa utaisikia kabla ya kuiona. Pima kwa venia (kipimo cha taya kinachosoma sehemu za milimita) mahali palipolika, kisha ugeuze robo mzunguko na upime pasipolika. Tofauti ya hivyo viwili ndiyo uliyopoteza. Chini ya mm 0.5, iache, funga springi na oringi mpya uendelee na maisha. Kati ya mm 0.5 na mm 2, jazia. Zaidi ya hapo, au ukiona ufa kwenye shingo, tafuta liva nyingine.

Kujazia kwa gesi na waya wa brasi. Brasi inayeyuka kwenye nyuzi 900 hivi, chuma cha liva kinahitaji zaidi ya 1400, kwa hiyo liva haiyeyuki, inapokea tu. Joto ni dogo kiasi, shingo haipindi, na kinachobaki juu ni metali laini kuliko selekta. Ikiwa ndani ya oili, brasi juu ya chuma inateleza vizuri. Na ikilika tena baada ya miaka, itakuwa imelika yenyewe na kuiacha selekta salama. Ubaya wake: fundi wa gesi ni wachache. Wa umeme yupo kila kijiji chenye nguzo, lakini mtu mwenye mtungi wa oksijeni utamtafuta Mtwara mjini, Masasi au Lindi.

Kujazia kwa umeme. Rodi ya kawaida ya mm 2.5, ile wanayoiita geji 12, inashika vizuri na kazi ni ya dakika kumi. Ni imara kuliko brasi, na huo uimara ndio tunaoushuku. Mashine ikipandishwa moto sana, liva ikipozwa kwa maji, uso unakuwa mgumu na wenye vipele, na unaanza kuchonga midomo ya selekta kama tupa. Ukilazimika kutumia umeme, mwambie fundi apige mistari mifupi, asubiri ipoe kati ya mstari na mstari, na asiitie majini kamwe. Aizike kwenye jivu au mchanga mkavu ipoe yenyewe. Rodi za kuongeza ugumu, zile za majembe ya trekta, zikatae kabisa hapa. Fundi atakusifia kwamba haitalika tena, naye atasema kweli: haitalika liva.

Liva ya mtumba. Inashawishi kwa sababu unaifunga jioni ileile. Lakini iliyotolewa kwenye Land Rover iliyokatwa mara nyingi imelika sawa na yako, maana gari lilikatwa kwa uzee. Beba venia dukani. Tazama vitu vitatu: bapa kwenye ncha, upana wa mfereji wa pini kwenye tufe, na mkunjo wa liva. Mkunjo unatofautiana kwa modeli, na liva iliyonyooshwa kwa nyundo itagusa bati la sakafu kwenye gia mojawapo. Linganisha na yako, mgongo kwa mgongo.

Liva mpya ni jibu safi pale shingo ina ufa au tufe lenyewe limeliwa na kutu. Vinginevyo unalipia chuma kirefu kizima ili upate sentimita mbili za mwisho.

Kama umechagua brasi, kazi inakwenda hivi. Toa kifundo, oringi na springi, maana moto utaviharibu. Usichomelee kamwe liva ikiwa ndani ya gari: cheche zinaingia kwenye gia, na kwa moto wa umeme mkondo unaweza kupita kwenye beringi na kuzitia alama. Osha ncha kwa petroli mpaka kitambaa kibaki cheupe, halafu isugue kwa tupa ionekane chuma kitupu, kwa sababu oili iliyojificha kwenye vitundu ndiyo inayofanya brasi ibanduke vipande kama ukoko wa wali. Zungushia tufe kitambaa kilicholowa maji. Pasha ncha mpaka iwe nyekundu iliyofifia, nyunyiza unga wa kusafishia, kisha gusa waya wa brasi. Ikitandaa na kulamba chuma kama maji juu ya sahani safi, joto limetosha. Ikijikusanya kuwa matone, ama ncha ni chafu ama bado haijapata moto. Jaza kuzidi kipimo kwa mm 1 kila upande, uache ipoe hewani.

Kutengeneza umbo ni kwa tupa. Grainda inakimbilia na kukurudisha kwenye bapa uliyokuwa unaikimbia. Kata kipande cha bati, toboa tundu lenye kipenyo cha ncha kwenye sehemu isiyolika, likate katikati upate nusu duara, nalo ndilo litakalokuwa kigezo chako. Lipitishe pande zote ukitazama mwanga. Penye mwanga pameshuka, penye giza punguza. Kipimo cha mwisho si venia, ni mdomo wa selekta wenyewe: ncha iingie bila kulazimishwa, iwe na nafasi ya mm 0.2 hadi 0.3 ukipima kwa fila (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi). Chini ya hapo itabana gia boksi ikipata joto. Malizia kwa msasa namba 240 uliopakwa oili.

Selekta na gololi: usijazie usichoweza kukipima

Midomo ya selekta ikilika, kuna anayejazia kwa brasi na kuna anayebadilisha. Kujazia kunawezekana kama ulaji uko upande mmoja na unaweza kuitoa selekta kwenye shafti yake. Shida ni kwamba milango mitatu ya selekta, ya gia ya kwanza na pili, ya tatu na nne, na ya rivasi, lazima ipangane ikiwa fri, ili ncha ipite kutoka mmoja kwenda mwingine. Ukijaza mmoja kwa nusu milimita kuzidi, liva inagonga ukuta kila ukitoka pili kwenda tatu. Kwa hiyo hapa tunaelekea zaidi kwenye spea, hata ya mtumba, na ujazo wote wa kurekebisha ufanyike kwenye liva.

Ukinunua, beba ya zamani kama sampuli. Gia boksi ya Series II na IIA ina sinkro kwenye gia ya tatu na ya nne tu. Ya Series III ina sinkro kwenye gia zote nne za mbele. Muuzaji akikuambia zote ni Land Rover, ni kweli, ila vipande vya ndani havibadilishani ovyo.

Gololi na springi zake badilisha zote tatu kwa pamoja. Ni vitu vya bei ndogo na vimekaa mahali pa kuudhi. Zipange kwenye kadibodi kwa mpangilio zilivyotoka, usizichanganye. Kati ya shafti na shafti kuna vipini vidogo vinavyozuia gia mbili zisiingie kwa pamoja. Ukifunga ukasahau kimoja, gari litaingia gia mbili siku moja na kuganda papo hapo. Ziba tundu la oili kwa kitambaa kabla ya kuanza, maana gololi ikidondoka ndani ya gia boksi utaitafuta kwa sumaku mpaka magharibi.

Kizuizi cha rivasi, ile bawaba yenye springi, ina skrubu ya kurekebisha. Irekebishe mpaka bawaba ipande kirahisi juu ya liva ukiingiza rivasi, lakini mkono usikie upinzani. Springi zake hukatika zaidi kuliko zinavyolika, na hapo hakuna mjadala wa kuchomelea.

Chumvi, vumbi na msimu

Gari linalobeba korosho Tandahimba na Newala linakula vumbi la mchanga. Gari linalolala Lindi mjini au Msimbati linakula chumvi. Mchanga ukiingia kwenye kiti cha tufe unageuka msasa, kwa hiyo mpira wa kufunika liva si pambo. Ukiwa na fedha ya kipande kimoja tu, nunua mpira huo kabla ya springi. Chuma kilichosuguliwa kikalala wazi usiku mmoja karibu na bahari kinaamka na wekundu. Ukishamaliza kupiga tupa ncha, ipake oili hapohapo hata kama unafunga kesho.

Tufe lipake grisi nzito, kiasi cha kijiko kidogo kimoja. Kuzidisha hakusaidii, kunakusanya vumbi. Ndani ya gia boksi oili ni namba 90, lita 1.5, na transfa (sanduku la pili nyuma yake, linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) ni lita 2.5. Chagua iliyoandikwa GL-4. Nyingi za GL-5 zina dawa inayoweza kushambulia brasi za sinkro, na kama umejazia ncha kwa brasi, umeongeza sababu nyingine ya kuwa mchaguzi.

Kama kazi inaweza kusubiri, usiifungue Oktoba wala Novemba. Msimu wa korosho mafundi wanazidiwa na malori, na liva yako itakaa juu ya benchi ikisubiri mtu wa gesi. Na gari lenye mchezo mkubwa kwenye ncha usilipeleke kwenye miteremko ya uwanda wa Makonde kabla ya kulitengeneza. Kwa Series II na IIA gia ya pili haina sinkro. Ukiikosa ukiwa unateremka na mzigo, breki ndizo zitakazobaki.

Volkswagen kobe: ugonjwa uleule, jibu tofauti

Kwa wenye Volkswagen kobe kulinganisha ni kufupi. Liva yake inasukuma fimbo ndefu inayopita ndani ya handaki la katikati, nayo fimbo inapita kwenye bushi ndogo. Bushi ikiisha, fimbo inacheza na gia ya pili inakuwa jirani ya rivasi. Kuna bushi za nailoni na kuna za brasi za kuchongwa. Chukua nailoni. Brasi inaonekana ya kudumu, lakini inakula fimbo, na fimbo ndiyo ghali. Hapa kanuni ileile imegeuka upande: bushi ndiyo inayotoka kirahisi, basi bushi iliwe.

Kabla ya kulegeza boliti mbili za liva, chora alama kwa msumari kuzunguka bamba lake, ukilisogeza utahangaika kuipata pili au rivasi. Na nyuma, chini ya kiti, kwenye kiungio cha fimbo kuna skrubu yenye kichwa cha mraba ambayo hufungwa kwa waya. Waya ukikosekana, skrubu inajifungua yenyewe, na siku hiyo liva itazunguka bila kuingiza gia yoyote. Wengi hununua bushi, liva na kiungio kipya, kumbe kilichokosekana ni sentimita kumi za waya.

Kulijaribu

Ukirudi kwenye Land Rover: funga nyumba ya liva, lakini sakafu bado. Injini ikiwa imezimwa, pitisha gia zote mara kumi, kila moja uiache liva bila kuishika uone kama inakaa. Kisha washa injini, kanyaga klachi, rudia. Tembea kilomita 5, urudi, uipitishe liva upande hadi upande: ikiwa nzito, springi inaminya kupita kiasi. Baada ya kilomita 200 hivi, inua kifuniko tena, kaza boliti, angalia vumbi la brasi kwenye oili iliyoshikamana na ncha. Mng'ao kidogo wa dhahabu ni kawaida ya siku za kwanza. Vipande vyenye ukubwa wa punje ya mtama maana yake brasi haikushika chuma, toa liva urudie kuisafisha. Kama vumbi ni safi na bado liva inakerekeza kwenye gia ya nne, toa washa uliyoiongeza na uweke oringi.